Bomba na Redio

Ofisi ya serikali ya mtaa wetu ina benchi mbili, meza moja, picha ya Rais ukutani na kaunta buku lenye kona zilizochakaa. Siku moja ya masika nilikuwa nimekaa benchi ya nyuma nikisubiri barua ya utambulisho ya benki. Benchi ya mbele walikaa wanawake wawili, kila mmoja ncha yake, katikati pakabaki nafasi ya kutosha watu watatu. Nitawaita mama wa juu na mama wa chini, kwa sababu ndivyo viwanja vyao vilivyokaa: kimoja mwinukoni, kingine chini yake.

Lalamiko liliandikwa kwa maneno mawili: maji machafu. Mama wa juu alikuwa ametoboa ukuta wa bafu lake akapitisha bomba, na bomba likawa linatema povu la sabuni uani kwa mwenzake, hatua chache kutoka jikoni. Mwenyekiti akauliza tatizo limeanza lini. Mama wa chini, mtu mzima anayeweza kumzaa mwenyekiti, akasema, "Mwanangu, tangu msiba." Msiba upi? Wa miaka miwili nyuma, ambao mama wa juu hakufika kuzika wala hakutuma hata kilo ya mchele. Baada ya msiba ukaja mpira wa watoto uliovunja kioo. Baada ya mpira, matawi ya mwembe. Kisha ikaja redio, na alipofika kwenye redio mama yule akaanza kulia. Kila akitoka kuwasha jiko, redio ya juu inafunguliwa kwa taarabu ileile, sauti ileile. Akiingia ndani, inazimwa.

Mama wa juu alisubiri zamu yake. Akajibu kwa upole mkubwa, "Mwenyekiti, kwani nimekatazwa kusikiliza redio nyumbani kwangu?"

Mwenyekiti alitazama daftari, akatazama dirishani, akarudi kwenye bomba.

Nimeufuatilia ugomvi wa majirani kwa muda sasa, na nimeona kwamba swali la mama wa juu ndilo linalozishinda ofisi zetu zote, kuanzia mtaani hadi mahakamani. Kiswahili kimeshalitenga jambo hili vizuri kuliko vitabu vya sheria. Tunayo kero, adha na karaha kwa upande mmoja. Tunayo bughudha, shari, chokochoko na vijembe kwa upande mwingine. Kero haichagui: moshi wa jiko la mkaa humfikia yeyote upepo unakoelekea. Bughudha ina mtu wake. Sheria yetu ina mengi ya kusema kuhusu kero, hata kama hayatekelezwi. Kuhusu bughudha ina vipande vipande, na mwenye kubughudhi akiwa mjanja hupita katikati ya vipande hivyo bila kuguswa.

Nianze na kero. Tanzania haina sheria moja ya ujirani. Anayemshtaki jirani kwa moshi, kishindo au harufu, akidai fidia au zuio, anaegemea kanuni za Uingereza zilizopokelewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hiyo bado imo kwenye vitabu vyetu, pamoja na sharti kwamba kanuni hizo zitumike kwa kadiri hali ya nchi na ya watu wake inavyoruhusu. Ndiyo maana wakili wa Dar es Salaam anaweza kusimama leo akaeleza kisa cha mtengeneza peremende wa London. Bwana huyo alikuwa akitwanga kwa vinu vikubwa kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kulalamika. Jirani yake, daktari, akajenga chumba cha kuonea wagonjwa mwisho wa bustani, kikagusana na ukuta wenye vinu. Ndipo kishindo kikawa tatizo. Mwaka 1879 mahakama ilimpa ushindi daktari. Kuwahi kufika hakukumsaidia mwenye vinu.

Hukumu hiyo ingewashangaza wengi mitaani kwetu, maana hoja ya kwanza ya kila mwenye karakana, mashine ya kusaga au banda la kuku ni neno moja: "Umenikuta." Tunaliamini neno hilo kana kwamba ni hati. Kwa kanuni hii ya kigeni, aliyekukuta naye ana haki.

Lakini kesi hiyohiyo iliacha kanuni ya pili, nayo ina makali yake. Majaji walisema kwamba kinachohesabika kuwa kero katika mtaa wa wakwasi si lazima kihesabike hivyo katika mtaa wa viwanda vya ngozi. Kwa lugha ya kwetu, kishindo cha Oysterbay si kishindo cha Manzese. Ni busara, mpaka uulize nani anaamua mtaa fulani ni wa namna gani. Chukua Sinza. Viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha chini wapate pa kujenga. Leo ukimtajia mtu Sinza atakuuliza baa gani. Makazi yaligeuka polepole, kibali kimoja baada ya kingine na mara nyingi bila kibali, na mzee aliyejenga pale kwa mshahara wa ukarani anaambiwa kwamba mtaa wake ndivyo ulivyo. Kanuni inayopima kero kwa sura ya mtaa humpa maskini kinga ndogo, kwa sababu kero zilishahamia kwake zamani. Mimi naiona hii kuwa kasoro kubwa, na sharti lile la hali ya nchi na watu wake lingeweza kuwapa majaji wetu nafasi ya kuirekebisha.

Wamewahi kuitumia nafasi ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Tabata walichoshwa na dampo la Jiji. Taka zilikuwa zikichomwa, moshi na harufu vikaingia majumbani, inzi wakatawala. Walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988, wakashinda. Jiji likaendelea kumwaga, likirudi mahakamani kuomba muda zaidi, hadi Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza hata siku, akiiweka hoja kwenye ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo kama ushindi wa mazingira. Mimi huisoma zaidi kwa yaliyofuata. Taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila hukumu ilikuwa ya haki, na kila hukumu ilimtafutia dampo jirani mwingine.

Kelele ndiyo kero inayoandikwa sana magazetini, labda kwa sababu waandishi nao wanalala. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na msimamizi wake ni baraza la taifa la mazingira, NEMC. Utekelezaji huja kama mvua za vuli. Mei 2022 baraza hilo lilifungia makumi ya baa na kumbi katika miji kadhaa kwa mkupuo. Kwa siku chache watu walisikia mbwa wakibweka. Kisha vikao vikafanyika, ahadi zikaandikwa, spika zikarudi, nyingine zikiwa zimegeuziwa upande wa pili, kwa jirani ambaye hakulalamika.

Kenya walitangulia na kanuni zao za 2009, nazo zinafundisha kitu kuhusu tarakimu. Katika makazi, kelele ya nje haitakiwi kuzidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni unaanza saa 2 na dakika moja. Maongezi ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana yanafika kama desibeli 60. Familia inayocheka barazani baada ya chakula cha jioni inaweza kuwa imeshavuka mpaka, kipimo kikiwekwa karibu. Kanuni inayomgusa kila mtu humwachia afisa kuchagua nani wa kumshika, na afisa hana kipimo saa 8 za usiku, wala gari la kumfikisha. Mwishoni mwa 2022 Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alikwenda njia nyingine: badala ya kupima sauti alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyomo kwenye makazi. Desibeli hubishaniwa, lakini leseni ama ipo ama haipo, na hiyo ndiyo nguvu ya njia yake.

Halafu kuna kelele ambazo hazilalamikiwi kabisa, hata zikivuka kila tarakimu. Kigodoro cha uswahilini hukesha hadi alfajiri, mabati yanatetemeka, na mama wa nyumba ya tatu anayeamka saa 10 kukaanga maandazi hasemi neno. Hasemi kwa sababu mwezi ujao ni harusi ya mwanawe. Kelele inayozunguka ni deni la zamu, kama upatu. Inayochukiza ni ile inayotoka mahali pamoja kila siku na faida yake inaingia mfuko mmoja. Sijaona kanuni yoyote inayoipima tofauti hiyo, ingawa kila mjumbe wa shina anaijua.

Nije kwenye maji, ambayo hayapati vichwa vya habari lakini ndiyo yanayojaza madaftari ya mitaa. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam hutegemea vyoo vya shimo, na sehemu za mabondeni maji ya ardhini yapo karibu. Shimo likijaa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuita gari la maji taka, kama lina pa kupita. Ya pili ni kusubiri mvua. Mvua kubwa ikianza usiku, mtu hutoka na nondo, huzibua tofali la upande wa shimo, na kilichomo hufuata mkondo hadi kwa wa chini. Jina lake ni kutapisha choo, na kila mtu mjini analijua. Asubuhi anayeamka bondeni anakuta alama kwenye ukuta wake, harufu, vipande vya magazeti vilivyonasa kwenye michongoma. Aliyetapisha amesharudishia tofali. Ukimwuliza atakuambia mvua ilikuwa kubwa, ambayo ni kweli.

Hapa sheria haina upungufu. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa notisi ya kuondoa kero na kumfikisha mhusika mahakamani. Sheria ndogo za halmashauri zinaongeza faini. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 170, inamfanya anayeudhi au kuhatarisha umma kuwa mkosaji anayeweza kufungwa mwaka mmoja. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilimkumbusha kila mtu kwa nini vifungu hivyo vipo. Kinachokosekana ni shahidi. Tendo limefanyika gizani, kwenye mvua, na ushahidi umesafirishwa na mvua ileile. Waliosikia nondo ni majirani wengine wawili, ambao mashimo yao nayo yanakaribia kujaa.

Nimekaa kwenye kero muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu pamoja na udhaifu wote huo, kero inashikika. Ina bomba, spika, moshi, shimo. Afisa anaweza kuinyooshea kidole. Sasa turudi kwenye redio.

Mtu anayebughudhiwa na jirani akienda polisi atapewa namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na mara nyingi kifungu kitakachoandikwa ni cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinashughulikia lugha ya matusi inayoelekea kuvunja amani, na pia kumtishia mtu kumdhuru au kumuua. Kesi zake ni chakula cha kila siku cha Mahakama za Mwanzo. Ukiketi pale asubuhi moja utasikia hakimu akimtaka shahidi ataje neno lenyewe lililotamkwa, shahidi akiona haya, karani akisubiri kalamu mkononi. Lazima neno litajwe. Na hapo ndipo kifungu kinapoachana na uhalisia wa pwani, maana hodari wa kubughudhi hatukani.

Anavaa. Anachagua kanga ya maandishi yanayomwendea mtu mmoja tu, anapita nayo mbele ya mlango wa mtu huyo mara nne kwa siku, mkono umeshika ndoo. Anaimba akifagia. Anamsema paka. "We paka mwizi, umezoea vya watu!" na kila mtu uani anajua kwamba nyumba hiyo haina paka. Fumbo limetengenezwa ili msemaji awe na pa kukimbilia: ukijitokeza kulijibu umejitaja mwenyewe. Wazee wa mipasho walijenga sanaa nzima juu ya mlango huo wa nyuma. Ni sanaa, na mimi ni mpenzi wake, lakini mtu anayeishi ndani yake miaka miwili haoni sanaa. Akifika kituoni atasema nini? Kwamba jirani kavaa kanga?

Siku moja ya bughudha ni upuuzi. Ukitaja tukio mojamoja unaonekana mgonjwa: kafunguliwa redio, kafagiliwa vumbi mlangoni, kageuziwa mgongo kwenye foleni ya maji, kaacha kusalimiwa na watoto wa mwenzake. Uzito umo kwenye jumla, na sheria yetu ya jinai huhesabu matukio, haijumlishi. Kanuni ya Adhabu haina kosa linaloitwa kumsumbua jirani kwa mwenendo. Uingereza walilitambua pengo hilo wakatunga sheria ya kinga dhidi ya bughudha mwaka 1997, inayodai mwenendo wa matukio yasiyopungua mawili, hata kama kila tukio peke yake si kosa. Ilisukumwa na visa vya watu kufuatwafuatwa, lakini haikuchukua muda kufika kwenye ugomvi wa majirani.

Ajabu ni kwamba zile kanuni tulizorithi mwaka 1920 zina mbegu ya jibu. Mwaka 1893 mahakama ya London ilisikiliza kesi ya Christie dhidi ya Davey. Nyumba mbili zilishiriki ukuta mmoja huko Brixton. Upande mmoja mama alifundisha muziki, na nyumba nzima ilikuwa ya wapiga vyombo. Jirani alichoka. Aliandika barua ya kejeli, kisha kila somo lilipoanza akagonga ukuta, akapiga masinia, akapiga miluzi na makelele. Alipofikishwa mbele ya jaji alidai kuwa naye anapiga muziki wake kwake. Ni mama wa juu huyo, katika suruali ya Mwingereza. Jaji North hakushawishika. Alisema wazi kwamba kelele zilezile zingefanywa bila nia mbaya angezitazama tofauti, lakini kwa kuwa zilifanywa kwa kukusudia kuudhi, alitoa zuio. Nia iliigeuza redio halali kuwa kosa.

Kwa hiyo mwanasheria anaweza kumjibu mama wa juu. Shida ni umbali kati ya jibu na uani. Kuomba zuio kunataka hati ya madai, kiapo, ada, wakili ukimudu, na tarehe zinazoahirishwa. Kunataka ushahidi wa nia, na nia huonyeshwa kwa kumbukumbu: siku, saa, nani alikuwepo. Mama wa chini hana daftari. Njia nyepesi zaidi imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo inamruhusu hakimu kumtaka mtu anayeelekea kuvunja amani ajifunge kwa dhamana ya kuitunza. Laiti ingetumika kwa majirani mara nyingi zaidi, maana inatazama mbele badala ya kuhesabu matusi ya jana.

Kinachotokea badala yake ni RB kwa RB. Wa kwanza akifungua jalada, wa pili anafungua la kwake kesho yake, mara nyingi kwa kifungu hichohicho. Mpelelezi akiwa na majalada mawili yanayotazamana, mashahidi wake wakiwa ndugu wa pande zote mbili, huwaita na kuwaambia wakayamalize mtaani. Simlaumu sana. Namlaumu anapoyamaliza kwa kumweka mmoja mahabusu usiku wa Ijumaa kwa sababu mwenzake ana shemeji kituoni. Hapo polisi wenyewe wamekuwa redio.

Upo mlango mmoja ambao bughudha ikiupitia huwa hatari: neno mchawi. Mtoto kaugua, biashara imelala, na jirani ambaye hatusalimiani naye anaonekana alfajiri akifagia karibu na mpaka. Tanganyika ilipata Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Ya Kenya ni ya 1925, nayo inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi popote pengine isipokuwa kwa mamlaka husika, yaani polisi, chifu na wenzao. Mantiki yake ni kwamba tuhuma hiyo ikitembea mitaani inaua. Nafikiri ni mojawapo ya mahali pachache ambapo sheria imeelewa kwamba katika ujirani neno moja, bila tusi ndani yake, linaweza kuwa ndilo silaha.

Vyombo vipya vimeongeza uwanja. Kamera za ulinzi zilizofungwa juu ya geti zinaona pia bafu la wapangaji wa ng'ambo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kumpa mtu hoja ya kusimamia. Kundi la WhatsApp la mtaa lililoanzishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi limekuwa baraza la vijembe, na humo fumbo limepata adui, kwa sababu maandishi hayapotei: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 23 kuhusu kumnyanyasa mtu kwa njia ya kompyuta. Maghorofa nayo yanachungulia nyua ambazo zilikuwa na stara yake. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Februari 2023, katika kesi ya wakazi wa jengo la vioo waliotazamwa na mamia ya watu kutoka kwenye roshani ya jumba la sanaa la Tate Modern, kwamba hata macho yanaweza kuwa kero. Hukumu hiyo haitufungi. Mafundi wa miji ya kale ya Waswahili wangeiona imechelewa: walijua kuinua dirisha juu ya kimo cha mpita njia na kupinda ukumbi ili aliye mlangoni asione ndani.

Kuhusu mipaka nitapita upesi, maana ni ulimwengu wake. Niseme tu kwamba ugomvi mwingi wa bughudha huvikwa koti la ardhi ili upate pa kwenda. Bikoni imesogezwa, ukuta umekula futi moja, njia ya kupita imezibwa kwa tofali. Hadi 2021 baraza la kata lilikuwa na uwezo wa kuamua kesi za ardhi zisizozidi shilingi milioni tatu, likiwa na wajumbe wanne hadi wanane, wanawake wasiopungua watatu, na wakili haruhusiwi kusimama mle kama wakili. Marekebisho ya mwaka huo yaliliondolea kuamua, yakaliachia kusuluhisha. Shauri linalogusa umiliki au maslahi katika ardhi haliingii Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu.

Waliotetea mabadiliko hayo walikuwa na hoja: maamuzi ya kata yalitofautiana kama mapishi, na wajumbe wengine walikula kwa pande zote. Lakini kuna kitu kilipotea. Mjumbe wa kata aliujua msiba, mpira na mwembe. Mwenyekiti wa baraza la wilaya ataliona koti tu. Na mwenye lalamiko la kelele au maji akijichanganya akalipeleka kwenye chombo cha ardhi, hoja ya kwanza ya upande wa pili itakuwa pingamizi la awali kwamba chombo hakina mamlaka. Ataanza upya, miezi ikiwa imeshakwenda. Dai la namna hii lina ukomo wa miaka mitatu.

Katika yote haya mtu anayesahauliwa ni mpangaji. Vitabu vinaongea kana kwamba majirani ni wenye hati wawili. Mijini wengi wetu ni vyumba viwili na sebule, choo cha pamoja, mita moja ya umeme, kodi ya miezi sita imelipwa mbele. Mpangaji anayesumbuliwa huambiwa ahame, na kweli kuhama ndiyo dawa anayoimudu, ila kodi yake ina miezi minne ndani na mwenye nyumba hairudishi. Akibaki, mwenye nyumba humwona yeye ndiye mkorofi, kwa sababu aliyelalamika ndiye aliyeleta maneno. Wengi wanaohama hivyo hawaingii kwenye jalada lolote. Ukitaka kuwajua, wahesabu madalali wanaoitwa katikati ya mwezi.

Siku ile ofisini mwenyekiti alifanya alichoweza. Aliwataka wote wawili wasimame wakaone. Tulifuata watu kama wanane, pamoja na mimi niliyesahau barua yangu. Bomba lilikuwa pale, jeupe, linadondosha. Mwenyekiti aliagiza lielekezwe kwenye karo ndani ya siku saba, akaandika muhtasari, wakatia saini, mhuri ukagongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Kuhusu redio aliandika sentensi moja: pande zote zimeaswa kuishi kwa amani. Mama wa chini alisomewa, akaguna.

Nilipita tena baada ya wiki tatu. Fundi alikuwa ameziba tundu la ukutani kwa saruji ambayo bado ilikuwa ya kijivu mbichi, na uani kwa mama wa chini palikuwa pakavu, pamefagiliwa. Akatoka na jiko lake la mkaa, akaliweka chini, akainama kulipepea. Kutoka juu, taarabu ikaanza.